Jeddah, Safari na Hasira Kubwa

Nichekeni tu, lakini mcheke taratibu, maana hii aibu nimeibeba peke yangu muda mrefu, na hata leo nikipita kwenye mkahawa wa samaki nikasikia mtu anaulizwa lile swali la kaunta, masikio hunipata moto. Mimi ndiye yule mwanamke aliyesimama katikati ya mkahawa uliojaa watu, siku ya Ijumaa, watu wametoka msikitini na njaa zao, akafoka kwa Kiarabu cha kujitungia mpaka watoto wa watu wakaacha kutafuna. Na wallahi sikwenda pale kugombana. Nilikwenda kupendwa, tena na mtu mmoja tu, Bi Rukia, mamake Nassor.

Nassor ni Mzanzibari, anasimamia ghala kule Al-Sulay, Riyadh, na mimi ni nesi, mtoto wa Kibokoni, Mombasa, kazi yangu iko hospitali moja upande wa Al-Malqa. Sisi wawili tulikuwa tumeshaelewana zamani, lililobaki ni neno la mamake, kwa sababu babake ni marehemu na katika ukoo ule hakuna anayetoa posa mpaka Bi Rukia afungue mdomo. Naye alikuwa amefungua mara moja tu, kusema kwamba atanitazama kwa macho yake halafu ndipo aseme. Kwake nilikuwa "huyo binti wa Mombasa", hata jina langu hakuwa ameanza kulitumia. Basi akaja Umra na kundi lake kutoka Unguja, akamaliza ibada, wakapelekwa Jeddah kupumzika kidogo kabla ya ndege ya kurudi, na Nassor akaomba ruhusa kazini ili atupeleke matembezi, kafili wake, yule mwajiri, akamjibu mafi, yaani hakuna, mzigo umeingia, hatoki mtu. Ikawa niende nikatazamwe peke yangu.

Kwenye simu Bi Rukia aliniuliza kama huo mji naujua. Nikamwambia Jeddah naijua, mama, usiwe na wasiwasi. (Jeddah nilikuwa nimeiona kupitia dirisha la uwanja wa ndege, nikisubiri kubadilisha ndege.) Akauliza na Kiarabu je. Nikamwambia Kiarabu si ndio Kiswahili chenyewe, mama, nusu ya maneno yetu ni yao. Sasa nyinyi mnanijua, Kiarabu changu ni cha wodini: wapi panauma, vuta pumzi, usisogee. Kikizidi hapo naita mkalimani.

"Miye sina makuu, mwanangu," akasema. "Nataka samaki, nataka kukaa kitako mezani niione bahari, na nataka kula kwenye sahani. Tangu nitoke Makka nakula kwenye vikopo kama mgonjwa."

Akanieleza kwamba chini ya hoteli yao kuna bufia, kijimkahawa cha wali na kuku, viti vipo vimejaa tele, lakini kila akishuka wanamfungia chakula chake kwenye kikopo, wanamtia mfuko mkononi, na yeye anapanda nao ngazi akale kitandani. Watu wa huku, akasema, hawamkaribishi mtu kukaa, hasa mtu mzima asiye na mwanamume pembeni. Ikaniuma. Nikamwapia kwamba siku atakayotoka na mimi, atakaa.

Nikaenda na shoga yangu Wanjiru, nesi mwenzangu, mtu wa Nyeri, Mkristo anayejua nyakati za swala kuliko mimi. Wanjiru ni katika wale waliokimbilia leseni mara tu wanawake waliporuhusiwa kuendesha, alijifunzia kwenye viwanja vya maghala kule kwa Nassor, na kama nyote mliojifunzia baina ya malori, haogopi kitu. Tulipofika Jeddah tukakodi gari, tukamfuata Bi Rukia hotelini. Nikambusu mkono, shikamoo, marahaba, akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. Alishawahi kuja Umra miaka ya nyuma, wakati mikahawa ina mapazia na mwanamke usukani hujamwona hata kwenye ndoto, kwa hiyo alipoona Wanjiru ndiye anayeshika usukani alikaa nyuma akisoma dua. Tulipopita mzunguko wa pili ameshahamia kiti cha mbele, anamwambia Wanjiru ampite huyo mwenye gari jeupe, anatuchelewesha.

Asubuhi ile mambo yalikuwa matamu, na hapo ndipo penye msiba. Niliwapeleka Balad, mji wa kale, nikawa natembea mbele nikielekeza mkono huku na huku, nasoma maandishi ya vibao kwa siri kisha nayasema kana kwamba nilizaliwa uchochoro ule. Bi Rukia alizipenda nyumba ndefu zenye vizimba vya mbao madirishani, akashika mlango mmoja, akaupapasa, akatoa hukumu kwamba ni mrefu kuliko ya Mji Mkongwe lakini nakshi ya kwao ni nzuri zaidi. Tukanunua balila, zile dengu za kuchemsha zinazotiwa siki na achari, tukaonja mutabbaq, ambao jamani ni mkate wetu wa nyama tu umevaa jina jingine. Yeye alionja kijiko kimoja kimoja, tumbo analiwekea samaki wake. Na kila niliposema neno, lilishika! Nilisema kahawa, ikaja kahawa. Nilisema sukari, ikaja sukari. Nikauliza bahari iko wapi, mzee mmoja akanyoosha kidole upande wa bahari. Bi Rukia akanitazama kwa jicho jipya kidogo, na kichwa changu kikavimba.

Kwa hiyo tulipofika kwenye mkahawa wa samaki wa ufukweni, Wanjiru akatushusha mlangoni akaenda kutafuta mahali pa kuegesha (Ijumaa, ufukweni, Jeddah, mtu anaweza kuzeeka akitafuta), mimi niliingia kifua mbele. Milango ya pale ilikuwa miwili, mmoja ulikuwa wa familia zamani na maandishi yake yamekwanguliwa, sasa kila mtu anapita anapotaka. Kijana wa mezani hakutuacha tufike mbali, akaniletea kadi ya picha, samaki wa kila namna na bei zao, ungeweza kuagiza hapo kwa kidole tu, hata bubu angekula akashiba. Nikairudisha. Nikaisukuma kwa mgongo wa mkono, hivi, mbele ya mama mkwe mtarajiwa, nikamwambia la, shukran, mimi nitazungumza. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye mgongo wa mkono huo.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na bwana mmoja mwenye aproni ya mpira, samaki wamelala kwenye barafu mbele yake. Akaniuliza: "Mahalli walla safari?"

Wenzangu, nyinyi mngesikia nini? Mimi nilisikia wazi kabisa: nyinyi ni watu wa mahali hapa, au mko safarini? Nikaona huyu bwana ana adabu, anataka kujua kama sisi ni wageni atukirimu. Nikamgeukia Bi Rukia nikamfasiria, akaitikia kwa kichwa bila hata kungoja nimalize, kana kwamba swali lenyewe analijua. Nikamjibu yule bwana kwa sauti ya mtu mwenye asili yake, "Safari!" Na Bi Rukia naye, kwa heshima zake zote, akaongeza, "Safari, safari."

Akaandika. Kisha akamshika samaki mmoja mkubwa, chewa mwenye tumbo kama la diwani, akaniuliza, "Habba?" Nikaona huyu bwana ana huruma pia, anauliza kama tunataka kidogo, maana haba kwetu si kidogo? Sisi wanawake watatu, samaki yule angelisha matanga. Nikamwambia "haba", na ili asije akasahau nikakaza, nikimwonyesha kwa vidole vilivyobanwa: haba, haba, haba. Akatabasamu, akawatupa kwenye mizani samaki watatu. Nikadhani anawapima achague mdogo. Nikalipa (bei siisemi), nikapewa karatasi ya namba, nikamchagulia Bi Rukia meza ya dirishani, bahari yote iko mbele yake, na ile chemchemi ya baharini inayorusha maji mpaka mawinguni. Akaenda kunawa, akarudi, akakaa kitako, mikono misafi ameiweka juu ya meza akingoja sahani.

Tukangoja. Waliokuja nyuma yetu wakaletewa, wakala, wakaagiza chai. Bi Rukia hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia hofu, alikuwa ananitazama tu, na mikono yake iko vilevile juu ya meza tupu. Mwisho nikainuka nikamfuata yule bwana wa aproni kumuuliza chakula kiko wapi. Akanionyesha mifuko mikubwa ya plastiki iliyopangwa pembeni ya kaunta, imefungwa mafundo, akasema halas, halas, kisha akanielekezea mlango: "Safari!"

Damu ikanipanda. Mimi nilielewa hivi: mmekwisha, nendeni zenu, safari njema. Nikamkumbuka Bi Rukia na ngazi za hoteli yake, kila siku na mfuko wake mkononi, nikasema kumbe ni kweli, hawa watu wanamwona mwanamke hana mwanamume pembeni wanamtoa nje kama paka, na leo wanamtoa mbele yangu, mimi niliyemwapia kwamba atakaa. Haikuwa tena habari ya posa, niliona uchungu wa kweli. Nikataka kumwambia kwamba mimi ni msafiri na nina hasira. Maneno yakaja yenyewe. Ana kwa Kiarabu ni mimi, hilo nalijua. Hasira nilikuwa na yakini ni neno lao, tumelichukua kwao. Na kabira ni kubwa.

"Ana safari!" nikafoka. "Ana hasira! Hasira kabira!"

Mkahawa ukanyamaza. Yule bwana akashangaa kidogo, akauliza kwa upole, hasira? Nikampigia kaunta kofi: aiwa, hasira. Akapanua mikono yake, hivi, upana wa mlango. Nikadhani ananipimia hasira zangu, anauliza ni kubwa kiasi hiki? Nikaipanua yangu zaidi yake, nikaipanua mpaka nikamgonga mtu nyuma. Basi akaweka mkono kifuani akasema "abshiri", ambalo hata mimi nalijua, maana yake ombi lako limepokelewa, akaita mtu wa nyuma huko, mtu akaja amebeba kitu kirefu begani, akachukua na mifuko yetu yote.

Nikarudi mezani nimeshinda. Nikamwambia Bi Rukia ainuke, wameona makosa yao, wanatupeleka mahali pa wageni wa heshima. Tukamfuata yule mtu tukipita katikati ya meza, watu wananitazama, na mimi nawaitikia kwa kichwa kama bibi harusi. Tukapita ngazi, nikasema basi si ghorofani. Tukapita chumba cha pembeni. Tukatoka mlangoni. Tukavuka njia ya wapita miguu, tukafika kwenye majani ya ufukweni, na pale yule mtu akashusha kile kitu kirefu begani, akakikunjua kwa mpigo mmoja, ikawa jamvi la plastiki, jekundu na kijani, kubwa, wallahi wangelala juu yake watu wa harusi. Akapanga mifuko katikati, akatutakia afya njema, akaondoka zake.

Bi Rukia akalitazama jamvi. Akavua viatu, akakaa, akakusanya buibui lake. Akafungua mfuko mmoja, akatoa kikopo, akafunua, chewa mzima na kichwa chake juu ya wali. Akafungua wa pili, chewa mzima. Wa tatu, vilevile. Paka wa Jeddah, ambao nadhani huarifiana, wakaanza kukaa kwa mstari.

"Sahani ziko wapi?" akauliza.

Nilichomoa kwenye mifuko karatasi ya plastiki ya kutandika chini ya chakula ili angalau nifanye kitu, upepo wa bahari ukaipokonya mikononi mwangu, nikaifukuza nikiruka majamvi ya watu, nikakanyaga birika la mtu, nikaomba radhi kwa maneno niliyobakiwa nayo, yaani vuta pumzi, usisogee. Nilirudi na karatasi imechanika na kilemba kimelegea, nikakaa kwenye ncha ya jamvi mbali naye, nikalia. Nililia kabisa, sioni haya kusema. Niliona mwaka mzima wa simu na Nassor umekwishia pale, mbele ya paka.

Ndipo Wanjiru akatokea, funguo mkononi, akatutazama, akaangalia mkahawa, akatutazama tena, akauliza kama tumeamua kukaa nje. Nikamsimulia kwa kwikwi jinsi tulivyofukuzwa, neno kwa neno. Nilipofika kwenye safari akaziba mdomo. Nilipofika kwenye hasira akakaa chini.

"Ngai, Maimuna," akasema. "Safari si ati uko trip. Safari ni takeaway. Mimi kila nikitoka night shift hiyo ndiyo naambia wale wa shawarma, safari, juu sitaki kukaa. Mahalli ndio kulia ndani. Na habba ni kitu kimoja kizima, sasa wewe umeitisha vitatu."

"Na hasira?" nikauliza, ingawa moyo ulikuwa umeshaniambia.

Akapapasa jamvi kwa kiganja. "Si ndiyo hii umekalia? Mimi nilinunua moja pale soko ya Batha. Umesimama huko ndani ukawaambia watu unataka mkeka, tena mkubwa."

Nikajifunika uso kwa mtandio. Nilimsikia Wanjiru anajaribu kuzuia kicheko asiweze, nikajua sasa hukumu ya Bi Rukia inakuja. Nikachungulia. Alikuwa anatazama bahari.

"Hilo neno," akasema polepole, "wale wa pale chini hotelini ndilo wanaloniuliza kila siku."

Wanjiru akamuuliza kwa adabu, huwa anawajibu nini.

"Safari," akasema Bi Rukia. "Sasa niseme nini, na ndiyo niliyonayo? Niseme uongo, na Umra nimetoka kuifanya juzi?" Akaugeukia ule mkahawa. "Viti vyote vile. Kumbe nilikuwa nikijifukuza mwenyewe."

Kwanza yakatikisika mabega, chini ya buibui. Kisha ikatoka sauti nyembamba, nikadhani amepaliwa, nikamkimbilia kinesi, kumbe anacheka, mama wa watu anacheka mpaka anapiga jamvi kwa mkono, anajaribu kusema "na ngazi zile" na hawezi kumaliza. Tukacheka wote watatu mpaka familia ya jamvi la pili wakatuletea birika la chai, lile lile nililolikanyaga. Halafu tukala kwa mikono moja kwa moja kwenye vikopo, na samaki alikuwa mtamu sana, na Bi Rukia akachambua mnofu wa shavuni, ule mlaini, akaupuliza, akauweka upande wangu.

Simu ikalia, Nassor, anataka kujua tumefikia wapi. Kabla sijasema lolote Bi Rukia akanyoosha mkono, nikampa.

"Tumekaa kitako," akamwambia. "Bahari tunaiona. Mkeo kanilisha samaki mpaka nimeshindwa."

Mkeo. Nilikaa na tonge mkononi, sijui nilipeleke kinywani au nililaze chini. Alipomrudishia salamu na kuzima simu, aliniambia tu kwamba mengine yote yabaki pale kwenye jamvi, na nisijaribu kumsimulia mwanawe habari ya ngazi. Nikamwahidi. Kisha ikabidi jamvi nilirudishe mwenyewe, nimelikunja kwapani, nikapita tena katikati ya meza zile zile hadi kwa bwana wa aproni, ambaye aliniuliza kwa furaha kama lilitosha.

Tangu siku ile nimeapa: nikiulizwa lile swali, sisemi neno hata moja, navuta kiti nakaa. Na picha za vyakula wakiniletea naziheshimu kama ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku.

Ahadi yangu kwa Bi Rukia nimeitunza mpaka leo (na nyinyi msinitie matatani kwa mume wangu). Harusi ilipofika, katika vitu vilivyotoka Unguja kulikuwa na sahani nzuri za maua, na pamoja nazo mkeka wa ukindu, mpana ajabu, hakuna chumba chetu Riyadh unapoweza kukunjuka wote. Nassor akamuuliza mamake mkeka mkubwa namna hii ni wa nini.

"Wa mkeo," akamjibu. "Ana hasira kubwa."

Nassor akanigeukia na wasiwasi umemjaa usoni, na mimi nikaendelea kupanga sahani.